Mimea ya Kalisa

Shema mwanangu,

Umekwenda Remera kuwaaga rafiki zako kabla ya kwenda kuishi Mwanza, na mezani umeniachia karatasi yenye maagizo kumi na moja kuhusu tangi lako la samaki. Nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi, kama nilivyosoma kazi za watu kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini kabla hazijapigwa chapa. Agizo la nne lina kosa. La saba lina makosa mawili. La tisa linasema, "Mama, usiguse mimea," na hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikaenda kutafuta karatasi yangu mwenyewe.

Sitakuandikia habari za soksi, wala chandarua, wala namna ya kuishi na watu wa Mwanza. Una miaka ishirini na saba, na watu wa Mwanza nawajua, watakufundisha wenyewe. Nina jambo moja tu la kukuambia, na limenikaa kooni tangu kabla ya mvua za mwaka jana kwisha. Lakini kwanza niyamalize ya mimea, maana nikianza na hilo jingine sitapata nguvu ya kurudi huku.

Jana ulinisimamisha kwenye korido robo saa nzima ukinifundisha. Ukasema, haya majani yaliyomo yakifa, niende kwenye duka lile la Remera nikanunue yale mekundu marefu, maana yanapendeza. Nilitikisa kichwa kama mgeni. Mwanangu, ulikuwa ukinichosha mpaka magoti.

Korido yetu ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Mwanga unaofika pale mchana wa saa sita unatosha kusoma kichwa cha habari, si habari yenyewe. Na pampu uliyoifunga inasukuma maji kwa nguvu kiasi kwamba samaki wako, wale wa mtoni wasiojua kutulia, huogelea siku nzima wakabaki pale pale. Hilo sikulaumu, ndivyo walivyoumbwa, na kwenye maji yaliyolala wangekufa. Lakini mtu anayepajua mahali hapo palivyo, halafu akaenda kununua mmea mwekundu wenye majani laini kama kitambaa cha harusi, huyo nimwambie nini? Mara ya kwanza yalififia wiki mbili, na wiki ya tatu ukawa unayachota vipande vipande kwenye chujio kwa vidole. Mara ya pili ulinunua yale yale. Nilipouliza, ulinijibu kwamba ya kwanza yalikuwa dhaifu. Mara ya tatu ukaongeza taa, mwani ukapanda hadi juu ya kioo, na samaki wakawa kama wanaogelea ndani ya isombe, kile kisamvu chetu. Hapo nikadhani umejifunza. Jana ukanitajia tena mekundu.

Sikiliza basi. Mmea wa mahali penye giza na maji ya kasi utaujua kwa mkono kabla ya jicho. Shika jani. Likiwa gumu kama ulimi wa kiatu, endelea. Likikunjika kama karatasi ya sigara, lirudishe, hata kama lina rangi ya peponi. Muulize muuzaji mmea huo unakua upesi kiasi gani, na akijisifu kwamba unakua upesi sana, mshukuru uondoke, kwa sababu unaokua upesi unakula mwanga mwingi, na sisi hatuna. Unaoutaka wewe ni ule mvivu, unaotoa jani moja kwa mwezi na usioona aibu. Kisha tazama chini. Ukiona shina nene linalolala kifudifudi kama tangawizi, na mizizi inayopapasa kutafuta kitu cha kushika, huo ndio wetu. Hautaki udongo. Unaufunga kwa uzi wa pamba juu ya jiwe, nyuma kidogo ya pale maji yanapopiga, na uzi unapokuja kuoza, mizizi imekwisha kulishika jiwe yenyewe. Tafuta makangaga ya mtoni, na yale majani mapana ya kijani kizito yanayotoka kwenye vijito vya misitu ya Kongo, na ule mmea mdogo unaotandaa juu ya mawe kama zulia. Hiyo mitatu inatosha nyumba nzima. Wiki za mwanzo itamwaga majani machache kwa sababu imehamishwa. Usiing'oe. Usiihamishe tena. Usiiongezee taa. Na lile shina la tangawizi lisifunikwe kamwe, wala kwa mchanga wala kwa kokoto. Likifunikwa linaoza kuanzia chini, na wewe utaona majani mazima juu, utadhani kila kitu ni salama, mpaka siku utakapoligusa libaki mkononi.

Sasa utajiuliza mama yako, ambaye hata samaki wa kukaanga hampendi, haya ameyatoa wapi. Ameyatoa kwa Kalisa, rafiki yako wa zamani, dukani kwake Nyakabanda.

Usiikunje barua. Kaa chini usome.

Unaikumbuka ile mimea ya kwanza ya Kalisa, mawe kumi na mawili uliyoyaleta kwenye beseni ukitembea kama umebeba mayai. Mlikuwa mmepata ile kazi ya kliniki ya meno kule Kimihurura, tangi kubwa la ukutani kwenye chumba cha kungojea, gizani kama kwetu, na samaki wa maji ya kasi kama wako. Kalisa angekata vioo na kuotesha mimea, wewe ungeshughulikia samaki na pampu. Korido yetu ndiyo ingekuwa majaribio. Uliyapanga mawe, ukawaonyesha kliniki picha, kisha ukaenda Rubavu siku nne.

Siku ya pili ya safari yako nilikuwa nafuta vumbi la kioo. Nikatazama ndani nikaona mimea imefungwa kwa uzi juu ya mawe, mizizi iko wazi inapigwa na maji. Shema, sikuweza kuvumilia. Ilikuwa kama kumkuta mtoto wa mtu amelala nje. Nilikunja mikono ya gauni, nikaingiza mikono yote miwili, nikalisukuma kila jiwe chini na kulifukia kwa kokoto hadi kwenye shingo ya mmea, nikishindilia kwa vidole kama mtu anayepanda vitunguu. Mawe yote kumi na mawili. Niliporidhika nilinawa mikono, nikapika chai, nikajisifu.

Uliporudi uliona kokoto zimepanda. Ulisema pampu ndiyo imezisukuma, haidhuru. Kalisa alikuwa amekueleza kwamba shina lisifunikwe, najua alikueleza, lakini wewe unaambiwa vitu ukiwa umekwisha kuanza kuondoka. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kiti nikimenya viazi. Ilikuwa nafasi yangu ya kwanza na iliyokuwa rahisi kuliko zote, na niliiacha ipite kwa sababu sikuona kosa lolote. Nilidhani nimeisaidia mimea.

Wiki ya tatu mimea ikaoza. Yote kumi na miwili uliing'oa kwa vidole viwili. Ukavaa viatu ukaenda Nyakabanda, na nilichojua ni kile ulichonisimulia uliporudi, ukiwa bado na hasira na fahari. Kwamba ulimwita tapeli mbele ya wateja wake na wachomeleaji wa karakana ya jirani. Kwamba ulimwambia anauza maiti. Kwamba uliwapigia simu kliniki pale pale, akisikia, ukawaambia kazi hiyo huwezi kuifanya na mtu kama yule. Kliniki ikaogopa, ikawaacha nyote wawili.

Nami nilikuambia, "Umefanya vizuri, watu wasikuzoee." Hayo ni maneno yangu. Nimeyakumbuka kila siku tangu hapo.

Sikujua bado, wakati ule. Lakini kuna kitu kilinigusa. Niliokota mmea mmoja kwenye ndoo ya taka, nikaufunga kwenye gazeti, na wiki iliyofuata nikaenda nao Nyakabanda. Nilitaka Kalisa aniambie kwamba mmea ulikuwa mgonjwa tangu kwake, ili nirudi nimetulia. Aliufungua gazeti juu ya meza yake ya kukatia vioo, akaugeuza mara moja tu.

Akasema, "Mama Shema, hii haikufa na ugonjwa. Angalia, juu iko mzima, chini iko bovu. Hii ilizikwa. Nani alifukia?"

Nikamwambia sijui.

Alitazama mikono yangu. Nilikuwa nimetoka bustanini asubuhi ile na kucha zilikuwa na udongo, kama kawaida yangu, unavyonicheka. Akakunja gazeti polepole. "Basi, Mama," akasema. "Kama wewe haujui, na mimi sijui."

Kijana aliyekulia Bujumbura, bila mama, ambaye mwanangu alikuwa amemtukana hadharani siku tisa kabla. Alinipa kiti, akaniletea soda. Nilikunywa soda yake, Shema. Niliimaliza.

Sasa nikuambie kwa nini niliifukia, si kwa kujitetea, maana kwenye kazi yangu kosa ni kosa hata kama mwandishi alikuwa mgonjwa. Nakuambia kwa sababu hukuwahi kuniuliza kwa nini ua wetu umejaa mimea hadi hauna mahali pa kukanyaga.

Kule Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi tuliyopangiwa, babu yako alikataza kupanda kitu chochote kinachozaa baada ya mwaka. Maharage ndiyo. Mahindi ndiyo. Kahawa hapana, mti wowote wa matunda hapana, hata migomba aligombana nayo. Alisema mwakani tunarudi, na mtu anayerudi mwakani hapandi kahawa ya kuvunwa na wengine. Akasema hivyo mwaka uliofuata, na mwingine. Nilipokuwa na miaka tisa nilipanda kokwa ya parachichi nyuma ya choo, mahali ambapo hakupita mtu. Mche ulinifika magotini kabla hajanikuta ninaumwagilia. Hakunipiga. Aliung'oa, akautikisa udongo, akaniwekea mkononi kama unavyomrudishia mtu mwavuli aliousahau. Majirani zetu, waliokuwa wakimbizi kama sisi, walikwisha kunywa kahawa yao na kuuza maparachichi, na sisi tulikuwa tukitumwa kwao kuomba. Babu yako alizikwa kule, na nyuma ya nyumba aliacha shamba la maharage.

Nilipofika hapa Kigali, mji wa wazazi wangu ambao nilikuwa sijawahi kuuona, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa jembe, kabla ya kitanda. Nimepanda kila kitu, na nimekipanda kwa kina. Kwa hiyo nikiona mmea hauna udongo, mkono wangu huenda wenyewe. Nakuomba usinitengenezee mfano hapa, najua unavyopenda mifano. Ile ilikuwa mimea, nayo ilitaka jiwe, na mimi sikuuliza ilitaka nini. Basi. Babu yako naye hakuuliza. Yeye aling'oa, mimi nikafukia, na sote wawili tulikuwa na hakika.

Kilichonishinda si kufukia. Kilichonishinda ni miezi minane iliyofuata. Nilijaribu mara moja. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, nikaanza, "Shema, ile mimea ya Kalisa..." Ukanikata, "Mama, usinikumbushe yule mwizi." Na mimi, badala ya kukukatiza nawe, nilifurahi. Nakuandikia neno lenyewe. Nilifurahi kwamba umenifungia mlango, ili niseme nilibisha hodi.

Kisha nikafanya jambo baya zaidi. Nilirudi kwa Kalisa nikamwomba mimea mingine. Alinichagulia mwenyewe kutoka kwenye mabeseni yake, huku akinifundisha, hii hapana Mama, ilikulia nje ya maji, itamwaga majani yote. Hii ndiyo, shika uone. Aliifunga kwa uzi juu ya mawe mbele ya macho yangu ili nione ni rahisi kiasi gani. Nikaja nyumbani nikakuambia nimepewa na mama mmoja wa jumuiya yetu kanisani. Wewe ukayapanga mawe, na safari hii hakuna aliyeyagusa. Makangaga hayo unayowaonyesha wageni, na ile miwili yenye majani mapana ambayo wiki iliyopita ilitoa ua jeupe chini ya maji ukaniita kama nyumba inaungua, ni ya Kalisa yote. Siku ile ya ua ulisema, "Unaona, Mama, mimea ikitoka kwa mtu mwaminifu." Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kufungua maji.

Nimekuwa nikienda Nyakabanda kila mwezi. Nasema nakwenda kupima presha. Na kila mwezi ninawasikia wale wachomeleaji wa karakana ya jirani, maana utani mtamu hauzeeki. Wakimwona anafungua mlango wanampigia kelele, "Daktari, leo umeuza maiti ngapi?" Anacheka nao. Mara moja mteja aliyekuwa akichagua tangi alisikia, akauliza ni maiti gani, wakamsimulia kisa chako chote kwa furaha, na mteja akasema atarudi kesho. Hakurudi. Kalisa aliendelea kufuta kioo. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti chake, na sikufungua mdomo. Mimi, mtu niliyelipwa maisha yangu yote kutafuta makosa ya wengine.

Asubuhi ya leo nilikwenda kumwambia kwamba nitakuandikia. Nilidhani atashukuru. Akasema, "Acha, Mama. Mtoto iko anaondoka. Aende na roho safi."

Nikamkasirikia. Nilimwambia roho yako si safi, ni nzito kama gunia na huna habari, na kwamba upole wake umekuwa blanketi langu muda mrefu mno. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, akipangusa mikono kwenye suruali, "Sawa, umwambie. Lakini asikuje kwangu kwa sababu umemtuma."

Nilikaa ndani ya basi kutoka Nyakabanda hadi nyumbani nikilitafakari hilo, na kila kituo kiliniudhi zaidi. Kwa maana nilikuwa nimekwisha kuliandaa agizo langu, na ningeliandika vizuri kuliko yako kumi na moja. Nenda, mwombe radhi, mwambie hivi na hivi. Ameninyang'anya, na ana haki. Mtu aliyetukanwa mbele ya watu hataki radhi iliyoandikwa na mama.

Basi sikutumi. Nakuambia tu mambo yalivyo. Kalisa hakukudanganya. Mimea ilikuwa mizima, na niliiua kwa mikono yangu, na nikakuacha uvunje urafiki wa miaka sita na jina la mtu kwa kosa langu. Sehemu yako ni hasira isiyouliza swali hata moja, na hiyo sitaibeba, ingawa najua umeirithi kwa nani. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi bado, nenda Mwanza na hasira yako, njia ni ndefu, utaipunguza njiani. Ukinikasirikia hadi Krismasi sitakulalamikia. Nimeshazoea kukaa na jambo kwa muda mrefu.

Tangi nitalitunza. Agizo lako la tisa nimelikata kwa mstari mmoja, kwa heshima, ili lisomeke. Nikipungukiwa na mimea najua pa kwenda, na si Remera.

Basi lako linaondoka kituo cha Nyabugogo kesho saa tatu asubuhi. Kalisa hufungua saa moja, na Nyakabanda iko upande ule ule wa mji. Asubuhi nitakuaga mlangoni, kwa sababu kituoni mimi hulia na wewe huona haya, na sitakuuliza unapitia wapi.

Mimi nitakwenda pale saa nne, wewe ukiwa tayari barabarani kuelekea mpakani Rusumo. Nitasimama mbele ya wale wachomeleaji, nitawaomba wazime mashine zao, na nitawaambia kwa sauti ni nani aliyeua mimea ile. Nimekwisha kuipanga sentensi yenyewe, ni fupi na haina kosa. Lakini nikifika nikakuta wamekwisha kusikia kutoka kwako, nitakaa kwenye kile kiti na sitasema neno, na hiyo itakuwa mara ya kwanza kwa miezi minane kunyamaza pale bila kumkosea mtu.

Mama yako